Niliyaruka Makusudi Maneno ya Mdogo Wangu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako na naomba usinicheke, maana mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, na ni katibu wa kikundi cha majadiliano kinachokutana kila Jumatano saa kumi jioni nyuma ya maktaba, kikundi ambacho tulikianzisha watu wanne tukiwa na viti sita na ubao usiofutika vizuri, na kila tukikaa tunazungumzia haki, nani anasikilizwa, nani anaachwa nje, na mimi ndiye ninayeandika.

Mwaka huu alijiunga na chuo mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, na huyo mama mdogo ndiye aliyenilea tangu darasa la tano, kwa hiyo nilimpokea kwa mikono miwili, nikaomba tupangwe chumba kimoja, nikampeleka kwenye kikundi mimi mwenyewe. Wiki ya tatu tu akasimama akaongea, na chumba kizima kikamgeukia. Tangu siku hiyo watu wanakuja mpaka mlangoni kwetu kumuulizia, mimi wananisalimia harakaharaka kama mlinzi wa geti, na mwenyekiti, ambaye nimefanya naye kazi mwaka mzima, aliniambia, "Dada katibu, hebu mdogo wako akufundishe kuongea." Nilicheka na mimi, lakini niliumia. Namwonea wivu, mshauri, namwonea wivu hata akipiga mswaki.

Basi wiki mbili zilizopita tulijadili habari za wanawake wanaofanya usafi kwenye jengo la madarasa, ambao wamekatazwa kutumia vyoo wanavyovisafisha wenyewe na inabidi watembee hadi nyuma ya karakana, na mmoja wao, mama mtu mzima mwenye mguu unaomsumbua, alikuja kutueleza. Mdogo wangu akasimama akasema, "Choo akisafishe huyu mama, halafu yeye ndiye asiingie? Hili hatulikubali." Meza zikagongwa. Mwanafunzi mmoja akasema tukafunge jengo la utawala kwa kufuli mpaka kieleweke, watu wakaanza kuinuka, na mdogo wangu akanyoosha mkono akasema, "Jamani, kaeni kwanza. Tukimfungia mtu mlango, kesho wote watazungumzia kufuli, hakuna atakayemkumbuka huyu mama. Tuandike barua, twende naye mezani." Wakakaa. Yule mama akamshika mkono akamwita mwanangu, na mimi niliyezunguka siku nne kumtafuta na kumshawishi aje, hakunitazama hata mara moja.

Nilipokuwa nanakili muhtasari kutoka kwenye daftari langu la rafu, yale maneno ya kwanza niliyaandika kwa jina lake, ya pili nikayaruka, na sikusahau, nilikuwa nayasoma huku kalamu inayapita. Mwenyekiti akatia sahihi bila kusoma, kama kawaida yake. Siku mbili baadaye watu wakaenda kufunga jengo kweli, makamu mkuu wa chuo akashinda ndani kutwa, na uongozi ukauchukua muhtasari, ambao ukiusoma utadhani mdogo wangu aliwasha moto akaketi kuuota. Ameitwa kamati ya nidhamu Jumatatu ya tarehe kumi na nane, saa tatu asubuhi. Anaweza kufukuzwa, na kamati imesema haitaki maneno ya marafiki, inataka maandishi.

Yeye ananiambia, "Dada, lazima kwenye daftari lako uliandika, hebu litafute." Namjibu natafuta. Daftari liko kwenye begi langu, na siku alipopokea ile barua ya kuitwa, kwa dakika kama mbili hivi, nilifurahi. Sasa nikilitoa nitavuliwa ukatibu, na kwa mama mdogo sijui nitaingia kwa uso gani. Je, ni vibaya nikisema nilisahau?

Dada mkubwa

*

Dada mkubwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natafuta mahali ulipoeleza mdogo wako ana hali gani siku hizi, anakula, analia, au amekonda. Sikupaona. Habari za ukatibu nimezipata.

Kwa wivu wenyewe sitakupigia kelele. Ulikianzisha kikundi, ukamtafuta yule mama siku nne, halafu meza zikagongwa kwa ajili ya mwingine. Inauma, ingeniuma hata mimi na mvi zangu, na utani wa mwenyekiti ulikuwa wa ovyo. Lakini mwanangu, kila Jumatano unakaa kuuliza nani anaachwa nje, kisha unarudi chumbani kumwacha nje mtu ambaye kitanda chake unakigusa ukinyoosha mkono. Hapo nimeshindwa kukuelewa.

Hiyo "nilisahau" usiiguse. Hakuna katibu anayesahau maneno yaliyokalisha chumba kizima akakumbuka mengine yote. Watakuuliza maswali mawili tu, utajikanyaga, na mtafukuzwa wote wawili.

Mwambie mdogo wako kwanza, mkiwa wawili, na neno wivu ulitamke. Atakutukana, au atanyamaza, na kunyamaza ndiko kutakuuma zaidi. Kaa hapohapo, na usianze kulia wewe ili yeye ndiye akubembeleze. Kisha chukua daftari, usiongeze hata nukta, mwende kwa mwenyekiti, maana anayetia sahihi asichokisoma naye ana lake la kujibu. Andika marekebisho ya muhtasari: kipi kiliachwa, nani alikiacha, kwa nini. Jumatatu saa mbili na nusu uwe umeshafika mlangoni pa kamati. Wakikuvua ukatibu, uvuliwe. Mama mdogo mpigie wewe, asisikie kwa watu. Na ile barua ya vyoo iliandikwa? Hujaigusia hata kwa neno moja, na mdogo wako alisema itakuwa hivyo.

Usingoje wivu uishe ndipo utende haki. Pengine utamaliza nao chuo. Nenda nao hivyohivyo.

Jina lako sikuliandika, wala la chuo. Habari ya vyoo, kufuli na daftari nimeshindwa kuificha, kwa kuwa ndiyo barua yenyewe. Unaposoma hapa ni Jumamosi asubuhi na gazeti liko mikononi mwa watu. Huu ni ukurasa wa kumi na nne. Mdogo wako akianzia mwanzo, una kama nusu saa. Inuka.