Mafuta Yasiyofikiwa na Kisu

Curuzú Cuatiá,
Corrientes.
14 Agosti 2019

Mpendwa kaka Anselmo,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Barcelona? Wifi na watoto wanalivumiliaje joto? Sisi miili ni mizima. Ya moyoni usiulize. Huku baridi ni kali na Mama habanduki jikoni.

Jana tulimaliza rozari ya siku tisa ya kumwombea marehemu Baba. Watu walijaa mpaka uani. Nakuandikia kwa sababu siku ya mazishi ulimfokea Evaristo kwenye simu, "Mlimlisha nini?" Tangu hapo mdogo wetu hali, halali.

Kaka, Baba hakuvunja masharti. Moyo ulipomsumbua mara ya kwanza, daktari alimruhusu nyama isiyo na mafuta tu. Basi kila Jumapili alikata utepe wa mafuta pembeni, akawatupia mbwa, akajigamba, "Mke wangu, siku hizi naishi kama mtawa!" Ndivyo tulivyofanya miaka yote kwa ng'ombe wetu wa kienyeji, na ilitosha, maana nyama yao ni kavu na mafuta yao mengi hukaa nje.

Lakini wale wa kienyeji waliisha. Evaristo alileta dume la Kijapani, tukawa tunachinja watoto wake. Hao mafuta yao yamo ndani kabisa ya nyama, yametapakaa kama nyuzi nyeupe, kisu hakiyafikii. Tuliyaona kwa macho yetu. Tukasema tu nyama imekuwa laini.

Baada ya kifo, daktari alipouliza tunafuga ng'ombe gani, Evaristo alijibu kwa fahari. Daktari akainamisha kichwa. Hakusema nyama hiyo ndiyo iliyomuua Baba, alisema haikumsaidia.

Jana baada ya sala Evaristo alichukua bunduki akamuue yule dume. Mama alimzuia mlangoni: "Weka hiyo, mwanangu. Dume hakumkaribisha mtu mezani." Bunduki nimeificha, lakini sina amani. Naogopa akiipata hatampiga dume, atajipiga mwenyewe.

Mama na shangazi Delfina wanakusalimu. Evaristo hajatuma salamu, anakuogopa. Mpigie, kaka, leo hii. Na kabla hujamuuliza tena nani alimlisha Baba, kumbuka Krismasi ulipokuja, tukachinja mmoja wa watoto wa yule dume. Kipande kinene kuliko vyote ulikikata wewe, ukakisafisha pembeni vizuri, ukamwekea sahanini ukisema, "Kula, mzee wangu, hiki hakina mafuta hata chembe."

Mungu awalinde wewe na nyumba yako.

Dada yako, nakupenda hata hivyo,
Nélida