Boti la Matumbo Mawili na Mama Mkwe

Kijiji cha Ujamaa Tupendane,
kusini ya Kigoma,
24 Februari 1973

Kwako baba mkwe, Mzee Shomari,

Shikamoo. Mimi na binti yako Swaumu tu wazima, ila miguu yake imevimba, na hasira zake nazo zimevimba. Habari za hapo Kanyenye? Karakana inaendeleaje? Mama hajambo?

Baba, Swaumu anatarajia kujifungua katikati ya Aprili. Ile mimba ya mwaka juzi unajua tulivyoipoteza. Safari hii hataki kusikia habari za mkunga yeyote, anamtaka mama yake. Kila asubuhi ananiuliza kama nimeandika, na leo nimeandika.

Mama apande treni mpaka Kigoma, nitampokea kwa boti la kijiji, ambalo mimi ndiye nahodha wake. Barabara ya kufika huku hakuna.

Mkweo mtiifu,
Mussa


Kanyenye, Tabora,
7 Machi 1973

Mwanangu Mussa,

Marahaba. Hatujambo, ila mgongo wangu unaniuma kila nikishika randa. Barua yako imesomwa hapa mara tatu, na mara ya tatu mama yenu alilia.

Atakuja. Shida ni moja tu, nayo ni wewe. Batuli hajawahi kukaa chini ya paa moja na mkwe, wala kusemezana naye, na anasema hataanzia majini. Ndivyo alivyolelewa. Siku uliyokuja kuposa alijifungia stoo mpaka ulipoondoka, nawe ulikuwa huondoki.

Tena nieleze hilo boti likoje. Usinisifie tu. Mimi seremala, sinunui ubao bila kuona mafundo yake.

Baba yako,
Shomari


Tupendane,
17 Machi 1973

Kwako baba,

Shikamoo, na mgongo upone. Swaumu hajambo, anakula udongo wa kichuguu na kunituma mwingine.

Boti hili aliliacha Mzungu mmoja aliyekuwa akipima kina cha ziwa. Lina matumbo mawili, kama mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa sakafu pana. Kila tumbo lina chumba chake na injini yake, na usukani uko kwenye la kulia. Uzuri wake, haliyumbi. Chai naiweka sakafuni na haimwagiki. Maji mafupi linapita mpaka mchangani, na injini moja ikifa, ya pili inakurudisha kwa mkeo.

Mafundo sasa. Gatini linachukua nafasi ya maboti mawili, na wenye mitumbwi wananitukana mpaka ukoo. Linakunywa mafuta kuliko mlevi. Wimbi likija kwa mbele linagonga sakafu kwa chini, pwaa, mpaka meno yanagongana. Na halipendi mzigo. Ukilijaza linakuwa zito kama gogo.

Lakini baba, matumbo mawili si nyumba mbili? Mama akae la kushoto, mimi la kulia. Tutakuwa majirani tu.

Mkweo,
Mussa


Kanyenye,
27 Machi 1973

Mwanangu Mussa,

Marahaba. Nimemsomea. Amefikiri siku mbili, kisha akauliza kama hizo nyumba mbili zina paa moja. Nilishindwa kumdanganya, kwani umesema sakafu ni moja, na penye sakafu hapakosi paa.

Basi amekubali kwa masharti. Paa liondoke. Na awepo mtu wa kati wa damu yake, wa kupeleka na kurudisha maneno.

Mzigo nilimwonya. Akanijibu kwamba babu yake alibeba mizigo ya misafara mabegani kutoka hapa mpaka Ujiji kwa miguu, na yeye hawezi kufika kule kule mikono mitupu, tena kwa treni. Kwa hiyo ana madebe matatu ya asali, magunia mawili ya karanga, kinu na mchi, na kitanda cha mzazi cha mbao ya mninga. Hicho kitanda ni kosa langu, nimekichonga mwenyewe. Anafika Ijumaa asubuhi, tarehe sita.

Baba yako,
Shomari


Tupendane,
12 Aprili 1973

Kwako baba,

Shikamoo. Kaa kitini ndipo usome. Wote wazima.

Mtu wa damu yake huku ni mmoja tu, Swaumu mwenyewe. Nilimkatalia. Akapanda botini, akakaa katikati ya sakafu. Turubai la paa nililing'oa kwa heshima ya mama, nikalikunja chini ya usukani.

Kigoma mama aliingia tumbo la kushoto na mzigo wake wote, hakutaka hata debe moja liende upande wangu. Tulipotoka bandarini boti likaanza kuvuta kushoto. Nanyoosha, linarudi. Mji wa Kigoma tuliuaga mara tatu. Nikamwambia Swaumu, "Mwombe mama asogeze kitanda huku." Jibu likarudi, "Mwambie kitanda cha uzazi hakiendi kwa wanaume." Mvua ikaanza, nalo paa hatuna.

Hapo ndipo Swaumu alipopiga yowe. Uchungu umemshika, wiki nzima kabla ya siku zake, na mjumbe wetu hawezi tena kupeleka neno. Baba, niliogopa sana. Nilikumbuka ile mimba ya mwaka juzi. Nikapaza sauti, nikasema na kitanda. "Ewe kitanda, usipokuja kati hatufiki popote!" Nikasikia kushoto, "Ewe kitanda, mwambie anyamaze, mama wa watu anafikiri!"

Halafu nikasikia, "Mussa!" Miaka minne ya ndoa, sikuwahi kusikia jina langu kinywani mwake. "Mussa, zima hayo madude uje ushike miguu ya kitanda!"

Tukakibeba pamoja mpaka katikati ya sakafu. Madebe akayasukuma mwenyewe upande wangu. Tukafunga turubai juu yetu sote watatu, nikarudi usukanini. Boti likanyooka, likatulia kabisa. Nilielekea mbele bila kugeuka, kama alivyoniamuru, mpaka nikasikia kilio kidogo. Akanijia nyuma, akaniwekea mtoto mikononi kwa mikono yake. Nililia, baba, naye akaniona.

Ni mwanamke. Anaitwa Mwanajuma.

Lakini nina ombi. Tangu siku hiyo mama hajanyamaza. Naendesha vibaya, nakula haraka, nyavu nakunja kama mtu aliyelazimishwa. Hakuna namna ya kumrudishia ile aibu?

Mkweo,
Mussa


Kanyenye,
2 Mei 1973

Mwanangu Mussa,

Marahaba, na hongera. Nimechinja jogoo, nikamla peke yangu, na sikuona utamu wake.

Aibu ikishavunjika hairudi. Mimi ilinivunjikia siku ya harusi, huu ni mwaka wa thelathini na moja, na nilidhani nimechoka. Sasa nyumba iko kimya. Naweka randa chini mahali pasipofaa, na hakuna anayenigombeza. Sikiwezi kimya hiki, mwanangu.

Nimekata tiketi ya treni ya Jumatano. Mama yenu mwambie nakuja kumwona mjukuu.

Baba yako,
Shomari