Kaseti Haina Midomo

Jumatatu, 7 Machi 1983

Hesabu darasa la tano. Kupanga watoto mstarini. Nyumbani Ngokolo, uji, mwanangu Maduhu ana mafua. Halafu kituoni, kwenye masomo ya chuo ya sisi walimu, kama kila Jumatatu.

Imechezwa kanda ya nne. Sikuambulia kitu. Wenzangu walikuwa wanaandika, na mimi nikaandika. Sasa nasoma nilichoandika: "elimu ni". Baada ya hapo ni mikwaruzo tu.

Zamani chuo kilikuwa kinatuletea vijitabu. Nilikuwa wa kwanza kwenye vijitabu. Mwaka huu karatasi hakuna, wanaleta kaseti. Ndugu Komba, mkufunzi wetu, amefurahi kama mtoto. Anasema sasa mwalimu wa Shinyanga anasikiliza mhadhara uleule wanaousikiliza vijana wa Dar es Salaam. Hayo nimeyasoma mdomoni mwake. Komba anaongea taratibu, namsikia kwa macho. Kaseti haina midomo.

Alhamisi, 10 Machi

Jaribio limerudi. Chini kabisa, kwa wino mwekundu: "Jibu halihusiani na mhadhara." Ni kweli, halihusiani. Nilikisia.

Masunga, mwalimu mwenzangu anayekuja kwa basi kutoka Bugarama, aliliona. Aliinama akasema jambo. Nikacheka, maana alikuwa na sura ya mtu anayetania. Akanishangaa. Kumbe alikuwa ananipa pole.

Nimechoka kucheka mahali pasipo pa kucheka.

Jumamosi, 12 Machi

Baba Maduhu amekuja kutoka kazini mgodini Mwadui. Amekula, amelala. Amecheza na watoto uani. Mimi hanisemeshi siku hizi. Tangu niwazae mapacha, Kulwa na Doto, ameanza kuwa hivyo. Sijui kama kuna mwanamke huko. Sitaki kujua.

Hajui habari ya masikio. Hakuna anayejua. Kila nilipojifungua nilibaki na usikivu mdogo zaidi, na mapacha ndio wamemalizia. Nikisema, shule itasema mwalimu kiziwi wa nini. Darasani nawaita watoto waje mbele wajibu wakinitazama. Wanadhani ni nidhamu.

Jumatano, 16 Machi

Nimemwomba Mama Shirin, mwenye duka la vitenge, nitumie redio kaseti yake nyumbani kwake. Ana umeme. Betri hazipatikani mjini kote. Akakubali mara moja, mama wa watu. Nikaweka kaseti niliyoazima kituoni, nikafungulia sauti mpaka mwisho. Sikio juu ya spika. Mvumo tu, kama mtu anaongea ndani ya mtungi. Mama Shirin akaja mbio ameziba masikio yake mawili.

Nikasema naipima mashine. Nikatoka, nikalia njiani mchana kweupe.

Jumatatu, 21 Machi

Ubaoni kituoni: Mtihani, Jumamosi tarehe 9 Aprili. Sehemu ya pili itachezwa kwenye kanda. Mara moja tu.

Nimesoma mara nyingi. Maneno ni yaleyale.

Jumanne, 22 Machi

Sikula. Nimewafokea watoto bila sababu. Niache tu masomo. Niseme naumwa. Miaka yote hii ya kusoma na mtoto mgongoni, halafu nishindwe na kisanduku.

Jumamosi, 26 Machi

Lazima niandike.

Nilikuwa kwa Mama Shirin tena. Kukata tamaa kulinipeleka, si akili. Mkono mmoja ulikuwa unashikilia kifuniko cha kaseti kilicholegea, wa pili unatafuta kitufe. Rula nimeing'ata. Nikainama, ncha ya rula ikagusa mashine.

Mtu akaongea ndani ya kichwa changu.

Nikaruka, rula ikaanguka, sauti ikakatika. Nikaing'ata tena, nikagusa tena. Maneno, yanapita kwenye meno! Yote, mpaka mwisho wa sentensi. Profesa wa kwenye kanda ni mwanamke. Mwezi mzima nimekuwa nikimwita bwana. Anakohoa kidogo kabla ya kuanza jambo jipya.

Mama Shirin alinikuta nimepiga magoti mbele ya meza, mate yanatiririka. Sikuwa na uongo wa kumpa. Nikamwambia kweli. Ni mtu wa kwanza. Akaleta kitambaa, akanifuta kidevu, akasimama mbele yangu nimwone vizuri: "Njoo kila siku, Mwalimu."

Jumatano, 6 Aprili

Kanda zote nimezimaliza. Mhadhara ni mzuri! Nina hasira jinsi ulivyo mzuri.

Lakini kwa Mama Shirin nimejifungia chumbani. Ukumbini siku ya mtihani watakuwepo walimu wa wilaya nzima. Nitang'ata rula mbele yao? Jumatatu shule yote itajua. Kazi itakwenda. Watoto watatu.

Nisipong'ata, mtihani utakwenda. Nazunguka palepale.

Jumamosi, 9 Aprili

Sehemu ya kwanza, ya maandishi, nimeimudu. Halafu Komba akaweka mashine kwenye meza ya mbele. Mimi nyuma kabisa. Akabonyeza. Vichwa vyote vikainama, kalamu zikaanza kwenda.

Nikabaki nimekaa. Nikafikiri nitoke nje. Nilisimama ili nitoke, naapa. Miguu ikanipeleka mbele.

Komba akanyoosha mkono kunizuia. Nikasema, sijui kwa sauti ya ukubwa gani, "Ndugu Komba, mimi sisikii. Niruhusu."

Nikapiga magoti. Nikang'ata rula, nikaiweka kwenye mashine. Mabega ya watu yakaanza kutikisika. Nilijua ni kicheko. Masunga akainuka, akawageukia. Sikuona alichosema, alinipa mgongo. Mabega yakatulia.

Sauti ikakatika. Nikajua nimefukuzwa. Nikainua macho. Komba alikuwa anairudisha kanda mwanzo kabisa. Akanitazama, akasema taratibu ili nione: "Tayari?"

Nimeandikia sakafuni. Karatasi imelowa mate pembeni.

Jumatatu, 11 Aprili

Mwalimu mkuu alishasikia. "Mwalimu asiyesikia atafundishaje?" Nikamjibu nimefundisha hivyo tangu mapacha wazaliwe, na darasa langu linafaulu. Akasema ndiyo maana amekasirika zaidi.

Nimeondolewa darasani. Nimewekwa stoo ya vitabu mpaka daktari aseme. Darasa la tano wamepewa mwingine. Wamenipungia dirishani. Nimegeuza uso.

Alhamisi, 28 Aprili

Stoo. Vumbi, panya. Hakuna anayeingia. Nimekaa juu ya sanduku siku nzima bila kufungua hata kitabu kimoja. Nilitaka elimu, nikapoteza kazi yenyewe.

Jumapili, 8 Mei

Masunga alipita jana na matokeo. Nimefaulu. Si wa kwanza, ila nimefaulu. Daktari bado. Stoo bado.

Leo nilikuwa naosha vyombo uani. Baba Maduhu akazunguka mpaka mbele yangu, akachuchumaa ng'ambo ya beseni. Habari zimemfikia Mwadui.

"Kwa hiyo nilipokuwa nakuita, ulikuwa hunisikii?"

"Nilikuwa sisikii."

"Nilidhani umeninunia. Nikasema ngoja na mimi ninyamaze."

Nikamwambia na mimi nilidhani ana mwanamke. Akatikisa kichwa, akaanza kuongea ameangalia beseni. Kisha akakumbuka, akainua uso ndipo akaongea. Sahani tumemaliza kuosha wote wawili.

Mvua imeanza. Nimejua kwa kuona mama jirani anakimbilia nguo zake kwenye kamba.