Karatasi za Kidole

Jumapili, mchana

Kwako Dada Mkubwa,

Zipokee salamu za mdogo wako, nimezikunja vizuri na kuzitia humu pamoja na stempu moja ya akiba, maana najua utajitetea kwamba huna. Mimi mzima, ila usingizi wangu umekuwa mwepesi. Wewe u hali gani? Ule mguu umepona, au bado unautumia kuwatuma watu dukani? Na shemeji je, bado anasikia yale tu anayoyataka? Nisalimie wapwa zangu. Yule mdogo mwambie mjomba wake hajasahau penseli za rangi.

Nilipokuja kwako likizo ulinitania mbele ya shemeji, ukasema karani wa shule ya msingi ni mtu wa kupiga mihuri na kunywa chai. Chai nakunywa, sikatai. Lakini kuna kazi nyingine sikukueleza, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie badala ya kungoja tuonane.

Kila Ijumaa kila mtoto wa shule yetu hurudi nyumbani na karatasi. Nusu ya juu tunaijaza sisi: afya upande huu, masomo upande ule. Macho, meno, kifua, ngozi. Kusoma, kuandika, hesabu. Halafu kuna mstari wa nukta, na chini ya nukta ni nusu ya mzazi. Asome, atie saini, aandike kama ana neno, akate, na Jumatatu mtoto aturudishie kipande. Mwalimu Mkuu anazipenda karatasi hizi kuliko bendera.

Upande wa afya ulikuwa wa mwalimu wa afya. Alihamishwa mwaka jana, hakuletwa mwingine, basi kazi ikaangukia kwenye dirisha langu, kwa sababu linatazama uwanja. Sikusomea, unajua mimi sikusomea kitu, lakini macho ninayo. Anayekohoa namsikia. Anayejikuna namwona. Anayekaa peke yake kwenye ngazi siku mbili mfululizo namwandikia achunguzwe masikio, na mara nyingi napatia. Alama za masomo huletwa na walimu. Mwalimu akichelewa, nanakili za wiki iliyopita na kubadili neno moja: palipokuwa na "vizuri" naweka "vyema". Usinitazame hivyo, dada. Watoto ni mia tatu na ushee, na mkono ni huu mmoja.

Wazazi nao wana tabia zao. Baba mmoja fundi magari husaini kwa grisi. Mwingine ameandika "sawa" kwa miaka mitatu, hata mwanawe alipovunjika mkono. Anayejibu kwa sentensi kamili ni mmoja tu, mama wa Kidole.

Kidole ni msichana wa darasa la tatu. Tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa akinyoosha kidole kabla swali halijaisha, na mara nyingine kabla halijaanza. Mama yake ni fundi cherehani, wanakaa wawili tu, nyuma ya kinu cha kusaga nafaka. Muhula huu mwalimu wake hakuniletea alama zake, nami sikuuliza. Nilinakili za muhula uliopita: afya njema, kusoma vizuri, kugawanya bado, ajitahidi. Mama akajibu kwamba anashukuru na wanajitahidi. Wiki iliyofuata nikaweka "vyema", naye akashukuru tena. Wiki ya nne aliandika kwamba siku hizi mtoto hali, lakini cha ajabu hakondi. Wiki ya sita aliandika kwamba mikono yake ni ya baridi hata jua likiwa kali, akaomba tumwangalie.

Hilo ni ombi la afya, na mimi ndiye afya. Nikatoka na kipande changu mpaka darasa la tatu, nikamwomba mwalimu aniitie Kidole nimshike mikono.

Mwalimu alisimama na chaki yake hewani. Akanivuta nje, akaufunga mlango, akaniuliza kama nina akili timamu. Akasema Kidole walimzika likizoni, homa ya siku tatu, na yeye mwenyewe alikwenda na walimu wawili. Akasema alidhani ninajua. Nami, dada, wiki hiyo nilikuwa kwako, nimenyoosha miguu barazani nakula vyako. Niliporudi hakuna aliyeniambia, kila mmoja akidhani mwenzake ameshaniambia. Kadi ya mtoto huondolewa kwenye kasha langu kwa barua ya mzazi. Barua haikuja, kadi ikabaki, nami nikaendelea kuandika.

Kwanza niliona aibu. Aibu ilipotulia ndipo nikakumbuka kwamba karatasi hizi hazitumwi kwa posta. Kila mtoto huchukua yake.

Tulimwita kiranja wa darasa, msichana mmoja mkavu kama mkaguzi. Alisema yeye hugawa kwa majina, kila karatasi juu ya dawati la mwenyewe, na dawati la Kidole hajaambiwa aliruke. Tukamuuliza nani huichukua. Akasema kengele ikilia watu hutoka, na akirudi kupanga viti haipo. Mwalimu akaninong'oneza kwamba watoto wana michezo yao. Nikakubali, kwa sababu lilikuwa jambo jema la kukubali.

Ijumaa hiyo nilisimama nje ya dirisha la darasa lao, nikijifanya nakagua kitasa. Karatasi ilikuwa juu ya dawati, nimeiandika mwenyewe, naifahamu kwa doa la wino. Kengele ililia, wakatoka kwa fujo kama wanavyotoka siku zote, migongo na mikoba. Wa mwisho alipopita mlangoni dawati lilikuwa tupu. Sikumwona aliyeichukua. Mimi, dada, ninayejua nani ana chawa kwa jinsi anavyosimama.

Wiki iliyofuata sikuandika. Nilijiambia kosa linaishia hapo, na mama atashukuru kimoyomoyo.

Jumatatu asubuhi alikuwa dirishani kwangu, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Alinisalimia kwa heshima, akaulizia afya yangu, kisha akasema Ijumaa mtoto amerudi mikono mitupu. Alimuuliza karatasi iko wapi, naye akainamisha kichwa tu. Akasema kama kuna kosa amefanya, tumwambie, yeye si mzazi wa kumtetea mtoto ovyo.

Nikawa naangalia mfuko wake, ndani mna gauni la sare. Alipoona naangalia alilitoa akanionyesha pindo. Alikuwa amelishusha vidole viwili. Akasema anarefuka, mwaka kesho darasa la nne litamkuta mkubwa. Shavu lake lilikuwa limeingia ndani, na mkono ulioshika lile gauni ulikuwa mifupa mitupu. Ndipo nikaelewa ni nani asiyekula katika nyumba ile.

Nikachukua kalamu na karatasi, nikaandika mbele yake: ana afya njema. Akaisoma pale pale, akanishukuru, akaondoka nayo.

Baada ya hapo niliulizia. Muuguzi wa zahanati, ambaye ni jirani yake, aliniambia kwamba yule mama hupakua sahani mbili, huketi mbele yake zipoe, kisha humpa mbwa wa kinuni zote mbili. Kazi za wateja amezirudisha, anashona sare moja tu, anashusha na kushusha. Muuguzi akasema akiendelea hivyo hatafika mwisho wa mwaka, na kwamba wamemwambia maneno yote, naye huwajibu kwamba shule inasema mtoto mzima, ana karatasi.

Ana karatasi, dada. Zenye mwandiko wangu.

Nikaenda kwa Mwalimu Mkuu nikaungama. Alivua miwani, kisha akasema shule haiwezi kumpandisha darasa mtoto asiyekuwepo, kwa hiyo mzazi ajulishwe rasmi, kwa maandishi na muhuri. Na maandishi na muhuri, akanikumbusha, ni mimi.

Nilikaa na karatasi tupu siku mbili, na katika siku hizo mbili niliyekuwa namfikiria ni wewe. Sasa nivumilie, maana nafika penyewe.

Mwaka ule wa bweni, mimi na miaka yangu kumi na miwili, barua za baba zilikuwa zikinifikia kila wiki mbili. Kikohozi kinapungua, ameanza kula, soma mwanangu. Mwisho wa mwaka ulinipokea kituoni, ukanikalisha juu ya sanduku, ukaniambia baba alifariki mwezi wa pili na barua zote ulikuwa ukiandika wewe ili nisivurugikiwe na mtihani. Nililia mpaka watu wa kituo wakasogea. Ukajilaumu miaka yote hii kwamba ulinidanganya.

Hukunidanganya. Nilijua kuanzia barua ya tatu. Uliniuliza humo nimelalaje, na baba, Mungu amrehemu, hakuwahi katika maisha yake kumuuliza mtu amelalaje. Nilijua, na nikajibu. Nilijibu zote, nikimuulizia kifua chake, kwa sababu niliona nisipojibu hazitakuja tena na hapo ndipo atakuwa amekufa. Kile kilio cha kituoni nilikipiga kwa nguvu ili usigundue. Nilikuacha peke yako na maiti yake mwaka mzima, wewe binti wa miaka kumi na tisa, nami nikijifanya mtoto. Ndilo nililotaka kuungama. Hilo la shule ni dogo.

Basi niliandika karatasi ya mwisho. Upande wa afya niliandika kwamba mtoto hatujamwona tangu likizo, na kwamba mimi niliyeandika ana afya njema sikumtazama. Upande wa masomo niliandika kwamba alikuwa wa kwanza kunyoosha kidole. Nikaomba radhi, nikataja jina langu kamili, nikapiga muhuri. Nilitaka kuipeleka kinuni kwa miguu yangu. Miguu ikakataa. Nikaiweka mwenyewe juu ya dawati la Kidole, kengele ilipokaribia, nikarudi ofisini na kufunga dirisha.

Jumatatu kipande kilirudi ndani ya furushi la darasa la tatu. Kimekatwa sawasawa kwenye nukta, kama kawaida yake. Mama alikuwa ameandika kwamba amesoma. Kwamba alijua tangu karatasi ya kwanza, ila tuliandika vizuri. Na kwamba jana alikula. Saini.

Nilikaa nacho nikipumua. Kisha nikakigeuza ili nikitie kwenye faili, na nyuma yake, kwa penseli, palikuwa na hesabu tano za kugawanya. Nikampelekea mwalimu. Alizitazama, akakaa kwenye kiti cha mtoto. Akasema ni zile alizoandika ubaoni Ijumaa kipindi cha mwisho, akazifuta kengele ilipolia, wala hakumpa mtu azichukue nyumbani. Zote tano zilikuwa sahihi. Alichukua kalamu nyekundu akaziwekea vema moja moja, na chini akaandika "vizuri sana". Mimi sikubadili neno.

Ijumaa hii kiranja aligawa karatasi arobaini kwa watoto arobaini. Dawati lile lilibaki tupu tangu mwanzo.

Nisalimie shemeji, umsalimie kwa sauti. Wasalimie majirani wa upande wa kisima na wote watakaokuuliza habari zangu. Stempu ni ile niliyokutilia, huna pa kukimbilia. Ukinijibu, andika kwa jina lako, na kama utataka kuniuliza nimelalaje, niulize.

Ni mimi mdogo wako,
Kalamu