Mara Nne

Mdogo wangu mpenzi,

Natumai goti linaendelea vizuri na watoto hawajambo. Mimi mzima. Kliniki wametuwekea mapazia ya kijani, sasa hata wauguzi wanaonekana wagonjwa.

Kazi yangu unaijua. Waliofiwa na walioachwa nawafundisha kuutazama mkasa kwa jicho la mtu wa pili. Nawapa kisa cha kutunga, halafu kila mmoja anasema kama mhusika mmojawapo. Jumanne visa viliniishia, nikatoa chetu bila majina: dada mkubwa mwenye kazi nyingi, mdogo anayemuuguza mama, simu zisizopokelewa, na baada ya mazishi mdogo hataki hata salamu. Nilikipamba. Nilitaka dada aonewe huruma.

Nafasi yako nilimpa fundi bomba mmoja ambaye huwa hafungui mdomo. Aliitazama mikono yake, akasema, "Dada, nilikuwa namgeuza mama peke yangu kitandani. Siku anakata roho nilikupigia mara mbili, hukupokea."

Nikamsahihisha. "Mara nne."

Fundi akaniangalia kwa upole, nikatamani ardhi ipasuke. "Kwa nini hukupokea, mwalimu?"

Nikawaambia muda umekwisha. Wewe nilikwambia simu iliishiwa chaji, na kwenye msiba nikalirudia hilo mbele ya shangazi.

Ilikuwa mkononi. Nilijua unachotaka kuniambia, nikaiangalia inaita mpaka ikakata, zote nne.

Usinijibu kwa kunihurumia.

Dada yako