Siku Mama Alipomwambia Baba Akae

San Pedro de Macorís, Novemba

Kaka Wilkin,

Viatu ulivyotuma vimefika. Vya mama vinambana, lakini hataki kuvivua.

Timu yetu ya besiboli haieleweki. Wiki iliyopita iliwachapa vinara wa ligi, kisha ikafungwa na wanaoshika mkia. Ile sheria ya nyumbani unaikumbuka: tukiongoza, baba anaacha runinga na kwenda uani, maana akitazama tu, tunafungwa. Mama bado anaisimamia.

"Eladio, nje! Nuksi wewe!"

Naye hujibu kutoka uani, "Nilidhani nimeoa mke, kumbe refa!" Majirani hucheka.

Mwanzoni mwa Desemba baba anapasuliwa moyo. Daktari alizungumza na mama pembeni, na mama hajatuambia walichoongea.

Jana tuliongoza kwa pointi moja, wapinzani wakiwa kwenye zamu yao ya mwisho ya kupiga. Baba akainuka mwenyewe, akabeba kiti chake cha plastiki. Mama akamshika mkono.

"Kaa."

"Minerva, tunaongoza."

"Nimesema kaa. Tukifungwa, na tufungwe."

Akakaa. Mpira uliofuata ulipigwa ukavuka ukuta wa uwanja, wapinzani wakapata pointi mbili, tukafungwa. Nilingoja mama aanze kumlaumu. Alimmiminia kahawa, akamuuliza kama ameona vizuri.

"Nimeona yote," baba akasema.

Usingoje Krismasi kama ulivyopanga. Njoo kabla hajapasuliwa.

Dada yako,
Yocasta