Mkoba wa Ndugu Mhando uko Puge

(Kutoka madaftari yangu ya Tabora, wakati wa vijiji vya ujamaa. Nimesahihisha tahajia tu.)

Jumatano, nyumbani Cheyo, Tabora mjini. Joto, vumbi, na mawingu ya kudanganya wakulima.

Hadi mchana wa leo mkoba wa Ndugu Mhando ulikuwa bado chini ya kitanda cha Bibi Nyamizi, kijijini Puge. Aliyesema hivyo ni Ndugu Masanja, mwenyekiti wa kijiji, aliyekuja mjini kununua mafuta ya taa akapitia kwangu. Ameongeza kuwa kuku mmoja ameanza kutagia juu yake.

Hilo la kuku sijalithibitisha.

Mwenye mkoba ni mgeni wangu. Amekaa uani, ameshika tama. Ndani ya mkoba kuna fomu za watu wa Puge, na bila fomu hizo hana kazi.

Ndugu Mhando ni Mzigua wa Handeni. Alianza na falsafa, akaiacha alipogundua kwamba mwanafalsafa anaweza kuthibitisha kuwa jambo ni baya na jambo likaendelea vilevile. Akasoma sheria. Huko akagundua kuwa mwanasheria huitwa jambo likishatendeka. Ndipo akahamia hospitalini, ambako anasema jambo lenyewe ndiko linakotendeka, akawa mtu wa maadili ya tiba. Kazi yake ni kuuliza kama mgonjwa amekubali. Nilimwuliza kama hiyo ni kazi ya kutwa nzima. Akasema mpaka sasa hajawahi kuimaliza.

Chuo kimempa nafasi hiyo kwa majaribio. Wakubwa wake wanaona kijijini huwezi kumwuliza mtu mmoja mmoja. Mwenyekiti akikubali, yatosha. Jumatatu wanakutana Dar es Salaam. Akiwapelekea fomu za watu walioulizwa mmoja mmoja, nafasi inabaki. Asipopeleka inafutwa, naye anarudi Tanga kuandika hati za viwanja.

Sasa ya jana.

Watafiti wa malaria wanataka kuwatoa damu watu wa Puge. Mkutano ulifanyika mbele ya ghala la pamba. Nakiri kwamba kichwa cha habari ya gazeti langu nilikuwa nimekiandika ndani ya basi: "Puge yakubali kwa kauli moja." Miaka yote hii sijawahi kukosea na kichwa hicho, kwa kijiji chochote, kwa jambo lolote.

Ndugu Mhando alieleza haki ya mtu juu ya mwili wake kwa dakika arobaini. Nilipima. Alipokaa, Masanja akasimama.

"Tumekuelewa sana, ndugu. Wanaokubali kutolewa damu, mikono juu!"

Mikono yote ikapanda. Na wangu pia. Mimi si mkazi wa Puge, na sindano naiogopa. Ni mazoea ya mikutano tu.

Ndugu Mhando akasema hapana, kura haiwezi kutoa damu ya mtu.

"Shamba tulilipigia kura," akasema Masanja. "Ng'ombe wa kijiji tuliwapigia kura. Damu ina nini?"

"Shamba ni la wote. Damu ni ya mwenyewe."

"Ndugu, huo sasa ni ubepari."

Neno hilo likitamkwa mkutanoni watu huangalia viatu vyao. Wasio na viatu waliangalia vyangu. Nikaona kazi ya mtu inakufa mchana kweupe, na nikaona kichwa changu cha habari kinapona. Sijivunii niliyoyafikiri.

Mbele kabisa, kwenye kigoda chake, alikuwa Bibi Nyamizi, ambaye Ndugu Mhando alimpa shikamoo ya adabu asubuhi.

"Wewe mwanangu unayekataa mikono yetu," akasema, "ni kabila gani?"

"Mzigua, bibi."

Bibi akasimama bila kusaidiwa. "Mzigua! Nirudishie marahaba yangu!"

Sisi Wanyamwezi na Wazigua ni watani, tangu wapagazi wetu walipokuwa wakipita kwao na misafara kwenda pwani. Mtani anakutukana kwenye msiba wako na anakamata kuku wako ukimwangalia. Ukikasirika, aliyekosa adabu ni wewe.

Bibi aliuchukua mkoba wa Ndugu Mhando mezani, akauweka juu ya kigoda, akaukalia.

"Babu yangu alipita kwenu na pembe ya ndovu kichwani, mkamcheka jasho lake. Mkasema ananuka kama fisi! Leo nimewapata."

"Lakini bibi, hujaniomba."

"Mtani aombe? Uzigua siku hizi mnafundishwa nini?"

Watu walicheka mpaka Masanja akasahau ubepari. Ndugu Mhando hakucheka. Alikuwa amesimama na kidole hewani, kama mtu aliyekumbuka alipoweka funguo.

"Bibi, na hawa watu wa sindano, nao ni watani wenu?"

Kicheko kikakatika.

"Wale? Utani wa wapi! Hata kutukana hawajui."

"Basi wakitaka damu yako?"

"Waje waniombe."

"Ndugu Masanja hawezi kukukubalia?"

"Masanja!" Bibi akamgeukia mwenyekiti wake wa kijiji. "Huyu nimemwogesha mimi, tena alikuwa analilia maji ya moto. Damu yangu ataijulia wapi?"

Mama mmoja nyuma akasema hata yeye aombwe. Kisha mwingine. Masanja ni mwanasiasa. Akatangaza kwamba kijiji kimeamua kwa kauli moja kuulizwa mmoja mmoja.

Nikafuta kichwa changu cha habari. Nusu yake ningeweza kuiokoa, lakini nikafuta chote.

Waliulizwa nyuma ya ghala mpaka jua likapoa. Bibi Nyamizi alikuwa wa kwanza. Alinyanyuka kwenye mkoba muda wa kutoa fomu tu, akaulizwa kama anakubali kutolewa damu, akasema hataki. Ndugu Mhando akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru kama aliyepewa mke. Mtafiti wa malaria aliyekuwepo alitutazama kama wagonjwa. Lakini Ndugu Mhando alinieleza baadaye: mahali ambapo mtu ameweza kusema "hapana", "ndiyo" za wengine zina maana. "Ndiyo" zilikuwa nyingi.

Kosa lilifanyika mwishoni. Ndugu Mhando ni mtu wa utaratibu. Alizipanga fomu kwa majina, akazirudisha mkobani, akaufunga vizuri.

Bibi akauchukua, akaenda nao nyumbani.

Masharti ya kuukomboa ameyaleta Masanja leo: mfuko wa chumvi, ubebwe kichwani na Mzigua mwenyewe, kwa miguu, kutoka barabara kuu hadi mlangoni kwa Bibi, asipokezane na mtu. Mwendo ni kama nusu saa kwa mpagazi. Kwa msomi sina makadirio.

Nilimshauri aende polisi. Akasema kisheria ni wizi, kifalsafa ni swali gumu, ila kimaadili hawezi kuingia chumbani kwa bibi aliyesema hapana na kuchukua kitu chini ya kitanda chake. Masomo yote hayo, na yote yanampeleka kwenye mfuko wa chumvi.

Nikamwuliza kama anajuta kuhama falsafa. Akasema falsafa haikuwahi kumpa jibu kwa dakika tano kama alivyopewa Puge.

Mke wangu amemsokotea ngata kwa kanga kuukuu. Tangu alasiri anazunguka uani na ndoo ya maji kichwani. Mpaka sasa amelowa mara tatu. Majirani wamesogeza viti.

Nimemwomba ruhusa ya kumpiga picha kesho akiwa na mzigo. Amefikiri kwa makini, kama anavyofikiri kila kitu.

Amekataa.

Basi la Nzega, linalopita njia ya Puge, linaondoka saa moja asubuhi. Kamera nitaiacha nyumbani.